NAMBA YA FRIJI IKISEMA UONGO: KAGUA WAYA ZA KIDHIBITI JOTO

Friji nyingi za zahanati na maabara zimefungwa kidhibiti joto cha dijitali, yaani kile kisanduku kidogo chenye namba zinazowaka, kinachowasha na kuzima kompresa. Wengi wetu huiamini namba ile bila kuuliza. Lakini kidhibiti hakioni ndani ya friji. Kinajua tu kile kinacholetwa na waya zake. Waya ikilegea, ikitafunwa na panya au ikiingia maji, namba inaweza kuonyesha 5 wakati chanjo zinaganda.

CHANJO KWANZA, WAYA BAADAYE

Chanjo za kila siku hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Watu huogopa joto peke yake, lakini baridi nayo inaharibu. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya mseto ya watoto zikiganda zimeharibika, hata kama zitayeyuka na kuonekana nzuri. Alama ya mraba iliyo kwenye kichupa haitakuonya, maana hiyo hubadilika rangi kwa joto tu, si kwa kuganda.

Kwa hiyo weka kipimajoto cha pekee katikati ya chanjo. Kikitofautiana na kidhibiti, fanya hivi:

1. Hamishia chanjo kwenye sanduku la baridi. Vipande vya barafu viache nje kwanza mpaka ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani.
2. Andika saa na nyuzi kwenye daftari.
3. Mjulishe msimamizi wako. Chanjo zenye mashaka zitenge na kuziandika "USITUMIE" mpaka zikaguliwe.

Baada ya hapo ndipo fundi aanze kazi.

WAYA ZIKO ZA AINA TATU

Za kwanza huleta umeme kwenye kidhibiti. Za pili hupeleka umeme kwenye kompresa. Za tatu ni nyembamba mbili, zinazokwenda kwenye kihisi, yaani kile kijiti kidogo kinachopima joto ndani ya friji.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, hasa mahali penye jenereta na sola pamoja. Mikono iwe mikavu.

DALILI NA MAHALI PA KUTAZAMA

Namba hazionekani kabisa. Anza na plagi, fyuzi na skrubu za waya za umeme. Soma pia maandishi ya kidhibiti: vingine ni vya volti 12, vingine vya volti 220 au zaidi. Cha volti 12 kikifungwa kwenye umeme wa jenereta kinaungua mara moja.

Namba zipo, lakini kompresa iko kimya. Subiri dakika chache kwanza, kwa sababu vidhibiti vingi huchelewesha kompresa makusudi ili isiharibike. Ikiendelea kunyamaza, tazama waya za kompresa. Katika vidhibiti vingi, matundu mawili ya kompresa hayatoi umeme yenyewe, bali hufanya kazi kama swichi tu. Lazima waya wa moto uletwe kwenye tundu moja. Fundi akiusahau, utasikia "tak" ya rilei lakini kompresa haitazunguka.

Kompresa haizimi. Hii ni hatari zaidi. Kompresa inapoanza huvuta umeme mwingi kwa nukta chache, na rilei ndogo inaweza kuungua na kushikana. Kidhibiti kinasema "zima" lakini umeme unaendelea kupita. Badilisha kidhibiti, na kompresa kubwa ifungwe kupitia kontakta.

Namba haifanani na kipimajoto. Hapa shuku kihisi. Katika vihisi vingi, joto likipanda, ukinzani wa umeme hupungua. Kwa hiyo kiungo chenye kutu huongeza ukinzani, kidhibiti kinadhani kuna baridi, kompresa inazimwa mapema na friji inapata joto. Maji yakiingia kati ya waya hizo mbili, ukinzani unapungua, kidhibiti kinadhani kuna joto, na chanjo zinagandishwa. Kihisi kilichoanguka nje ya friji huleta balaa hilohilo.

Kukipima, tumbukiza kihisi kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri dakika kadhaa. Namba inapaswa kuwa karibu na 0. Mwenye mita apime pia ukinzani baada ya kuchomoa waya za kihisi: vihisi vingi vya aina hii huonyesha karibu omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na karibu mara tatu ya hapo kwenye barafu.

Kompresa inawaka kukiwa na baridi na kuzima kukiwa na joto. Usiguse waya. Kidhibiti kimewekwa kwenye hali ya kupasha joto. Kirudishe kwenye hali ya kupoza.

MAMBO YA KUKATAZA

Usiunge kompresa moja kwa moja kwenye umeme "mpaka kesho". Chanjo zinaweza kuganda usiku huohuo. Usikate waya wa ardhini. Usifunge waya za kihisi pamoja na waya za umeme mkubwa, wala usiache kiungo chake mahali penye unyevu. Na kama friji yako ni ya chanjo iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, usibadilishe kidhibiti chake kwa kingine cha dukani. Mwite fundi wa mnyororo baridi.

Soma kipimajoto asubuhi na jioni, siku za mapumziko pia, na uandike. Mtoto aliyechomwa chanjo iliyoganda anarudi nyumbani bila kinga, na mama yake hana njia ya kujua. Wewe unayeshika daftari ndiwe unayeweza kujua.