Kuorodhesha Vitabu Adimu: Namna ya Kueleza Nakala Pungufu

Katika toleo hili tunapenda kueleza kazi ambayo wanafunzi wengi hawaifahamu: kuorodhesha kitabu adimu ambacho nakala yake si kamili. Kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili kilienea pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, unyevu na mchwa havichagui kitabu.

Tuchukue mfano. Tuseme kamusi kuukuu ya Kiswahili na Kiingereza imeletwa kutoka Gatete, Rumonge. Haina jalada wala ukurasa wa jina, inaanzia herufi D, na pembe zake zina madoa ya mawese. Ni kitabu gani? Huenda ni kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, au ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939. Hii ya pili ilijengwa juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo kufanana kwa maneno machache hakutoshi. Inatubidi tulinganishe kurasa kadhaa, mstari kwa mstari, na nakala kamili za kamusi zote mbili.

Hata tukithibitisha kuwa ni ya Johnson, tusiandike 1939 peke yake, kwa kuwa ilipigwa chapa tena mara nyingi. Tuandike: [1939 au baadaye]. Mabano ya mraba humjulisha msomaji kwamba habari hiyo haikutoka katika nakala yenyewe.

Kisha tutenganishe maelezo ya kitabu na maelezo ya nakala tuliyo nayo. Kuandika "kimeharibika" hakusaidii. Tuseme: "Ukurasa wa jina na kurasa zote kabla ya herufi D hazipo, madoa ya mafuta pembeni." Maandishi ya mkono nayo yatajwe, maana huonyesha kitabu kilivyotumika.

Katika miswada ya hati za Kiarabu isiyo na namba za kurasa, tutazame neno lililoandikwa peke yake chini ya ukurasa. Kwa kawaida ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Yasipolingana, huenda karatasi imepotea au imepangwa vibaya.

Tukibahatisha na kuandika 1903, mtafiti atasema neno fulani lilikuwamo kamusini miaka 36 kabla ya wakati wake. Tukinyamazia upungufu, mwingine atasafiri kutoka Bujumbura kutafuta herufi A ambayo haipo.

Basi, anayepata kitabu cha namna hii nyumbani asikitupe, wala asikishone upya kabla ya kuhesabu karatasi zake na kuandika mpangilio aliozikuta nao.