Je, Wajua? Barabara Moja, Vibali Vinne

Je, wajua kwamba ukitoka Sagana ukapitia Karatina, Naro Moru na Nanyuki hadi Timau, umepita kaunti nne? Kirinyaga, Nyeri, Laikipia, Meru. Abiria wa matatu huona barabara moja inayouzunguka Mlima Kenya. Mfanyabiashara mwenye tawi katika kila kaunti hulipia vibali vinne.

Ingia duka la pembejeo mjini Karatina utazame ukutani, nyuma ya kaunta. Mara nyingi utaona karatasi mbili kwenye fremu. Moja ni cheti cha usajili, kinachoombwa kupitia eCitizen na kutolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Hicho kinatambulika Kenya nzima. Karatasi ya pili ni kibali cha kaunti. Hulipiwa upya kila mwaka, na nguvu yake huishia mpakani. Tena kimefungwa kwa duka lenyewe: ukifungua tawi mtaa wa pili, utalipia kingine.

Je, wajua kwamba kabla ya ugatuzi wa 2013 Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175? Karatina ilikuwa na baraza lake, Nyeri lake, Othaya lake. Leo miji hiyo yote iko chini ya kaunti moja. Mabaraza yalivunjwa, ila jina lao la Kiingereza, council, limebaki: askari wa kaunti akitokea sokoni, bado watu huambiana kanjo wamekuja.

Na mbona ada za vibali hazifanani kati ya kaunti na kaunti? Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 hakiruhusu ada ya leseni isiyotokana na sheria, kwa hiyo kila kaunti hupitisha Sheria yake ya Fedha na kupanga humo ada za kinyozi, hoteli na duka la jumla. Mwenye maduka Nyeri na Nanyuki sharti azisome Sheria zote mbili.

Linaloniuma mimi zaidi ya vibali ni ushuru wa mazao unaotozwa na kaunti. Lori la viazi kutoka Kieni, kaunti ya Nyeri, husimamishwa kizuizini, dereva akakatiwa risiti. Akivuka mpaka, huenda akadaiwa nyingine kwa magunia yale yale. Gharama hiyo humrudia mkulima, kwa bei anayopewa shambani. Na Kifungu cha 209(5) kinasema wazi kwamba kaunti isitoze kodi kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti, wala usafirishaji wa bidhaa nchini.