Bibi Titi kabla ya kuwa barabara

Mwulize kijana wa Dar es Salaam Bibi Titi Mohamed ni nani, atakuelekeza njia: ile barabara inayopita Mnazi Mmoja, Maktaba Kuu iko pembeni yake. Miaka niliyofundisha historia sekondari nililizoea jibu hilo, wala sikuwalaumu wanafunzi. Vitabu tulivyokuwa navyo vilimpa mstari mmoja, kwamba alikuwa mwanamke aliyemsaidia Mwalimu Nyerere kudai uhuru. Mimi nasema mwaka 1955 mwenye shida ilikuwa TANU, na Titi ndiye aliyeitatua.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu. Alisoma miaka minne tu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, kama ilivyokuwa ada kwa mabinti wa Pwani, kisha akaolewa angali mdogo. Sauti ndiyo iliyomtoa uani. Kwenye maulidi alisikilizwa, na kwenye ngoma alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bombakusema.

Hapa ndipo msomaji wa leo huruka haraka, akidhani ngoma ni starehe tu. Vikundi vya ngoma vya wanawake mjini, vya lelemama na vinginevyo, vilikuwa na uongozi wake. Kulikuwa na wakubwa wa kikundi, michango, sare, na ushindani mkali baina ya kikundi na kikundi. Mwenzenu akifiwa, mnakwenda kwa pamoja; akioza binti, mnachanga. Habari ikitoka kwa kiongozi asubuhi, jioni imeshafika kila ua. Wanawake wa makabila mbalimbali walikutana humo, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Serikali ya kikoloni iliona kanga na ngoma, ikapita zake.

TANU kwa upande wake ilikuwa changa, imeanzishwa Julai 1954, na ilikuwa imebanwa. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 ulikuwa umewapiga marufuku watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Ukiwaondoa makarani, walimu wa serikali na matabibu, umeondoa karibu wasomi wote wa Kiafrika wa wakati ule. Mwanamke wa Kariakoo anayeuza maandazi au kupika pombe hakuwa na ajira ya kufukuzwa. Kutosoma kwake, ambako kila mtu alikuona kuwa upungufu, kulimwacha huru kuliko karani mwenye tai.

Mwaka 1955 alifika mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Viongozi walijiumauma, maana kitengo cha wanawake hakikuwapo. Ndipo akatafutwa Titi, na mumewe akaombwa ruhusa. Aliwekwa kuwa kiongozi wa kitengo hicho, akiwa na wenzake kama Tatu binti Mzee. Hakuanza kwa kubisha hodi nyumba moja moja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Ukimpata kiongozi, umepata kikundi kizima. Akaenda na kwa wapika pombe, jambo ambalo kwa mwanamke wa heshima wa Kiislamu halikuwa dogo. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo, Oscar Kambona, katibu mkuu wa TANU, aliwaandikia marafiki wa chama Uingereza kwamba wanawake waliojiandikisha walikuwa wamefika 5,000.

Hebu fikiria viwanja vya mikutano siku zile. Wanawake wa buibui, ambao desturi iliwataka wasionekane mbele za wanaume wageni, wamejaa mchana kweupe wakimsikiliza mwanamke mwenzao akihutubia jukwaani. Wako waliozificha kadi za chama waume wasizione. Titi aliwaambia kwamba wao ndio wazazi wa wanaume wote, kwa hiyo uhuru hauwezi kupatikana bila wao. Alizunguka nchi na Nyerere, na mahali pengi watu walikuja kumsikia yeye kwanza.

Mwaka 1960 akawa mbunge wa Rufiji, baadaye naibu waziri. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, yeye alikuwa nazo, na aliachia ngazi. Sijioni mwenye haki ya kumcheka: mwanamke asiye na vyeti, aliyekwishaachika, nyumba ndiyo pensheni yake. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na kina Michael Kamaliza, huku Kambona akiwa uhamishoni London. Alikana mashtaka, lakini alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Nyerere alimwachia huru.

Aliyemkuta nyumbani kwake miaka iliyofuata alimkuta hana cheo wala walinzi. Jina lake lilikuwa limekwepwa muda mrefu, na ndiyo sababu vitabu vyetu vilikuwa na mstari mmoja tu. Mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, alikaa naye na wenzake miaka ya 1980 akawasikiliza. Kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Nashukuru kiliandikwa, ila inaniuma kwamba hatukuanza sisi.

Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, alikokwenda kutibiwa. Wenzake waliobaki ni wachache mno na umri umekwenda. Kama kwenu yupo bibi aliyecheza ngoma za mjini miaka ile, mwombe akutajie kikundi chake, kiongozi wake, na nani alimpelekea kadi ya TANU. Yaandike majina hayo leo, kabla hujachelewa.