Mtumiaji Mmoja, Madirisha Mengi

Itifaki ya HTTP, ambayo kivinjari huitumia kuomba kurasa kutoka kwenye seva, haina kumbukumbu. Kila ombi hupokewa kama la mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza: seva hujibu, kisha husahau. Kwa tovuti ya kusoma tu, hilo halina madhara. Lakini mtu anayeingia kwenye akaunti yake, akajaza fomu na kulipa, lazima atambuliwe tangu ombi la kwanza hadi la mwisho. Muda huo wa kutambuliwa, tangu kuingia hadi kutoka, ndio huitwa kipindi.

Kinachoshikilia kipindi, mara nyingi, ni kidakuzi, au kuki kama wengi wanavyoiita. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape ndiye aliyekibuni mwaka 1994. Mtumiaji akishaandika jina na nywila, seva hukipa kivinjari chake msimbo mrefu usiokisika. Kivinjari huuhifadhi na kuurudisha pamoja na kila ombi linalofuata. Ni kama tiketi anayopewa mtu aliyeacha mzigo stoo: mzigo uko ndani ya seva, mteja ameshika namba tu.

Tiketi hiyo ni ya kivinjari kizima, si ya dirisha moja. Madirisha na vichupo vyote vilivyofunguliwa kwenye tovuti ileile hutoa tiketi moja, na kwa tiketi hiyo pekee seva haina njia ya kujua ombi limetoka kwenye kipi. Haikuwa hivyo daima. Katika matoleo ya zamani ya Internet Explorer, kuifungua programu mara ya pili kulileta dirisha lenye kipindi chake, na wapo waliotumia mwanya huo kuingia kwa akaunti mbili kwa wakati mmoja. Toleo la 8, lililotoka mwaka 2009, liliunganisha madirisha yote katika kipindi kimoja, na aliyetaka kipindi kipya ikabidi akiombe kwenye menyu.

Madhara ya madirisha kushiriki kipindi kimoja yanaonekana vizuri kwenye meza ya karani wa SACCOS. Amefungua fomu ya mkopo ya mwanachama namba 114. Kabla hajamaliza, mwanachama namba 207 anafika kuulizia salio, naye karani anamfungulia kichupo cha pili. Programu, iliyoandikwa na mtu aliyedhani kila karani ana dirisha moja, inaandika ndani ya kipindi kwamba anayehudumiwa sasa ni 207. Salio linasomwa, mwanachama anashukuru na kuondoka. Karani anarudi kwenye kichupo cha kwanza, ambacho bado kinaonyesha jina la 114, anabonyeza Hifadhi, na mkopo unaandikwa kwa 207. Hakuna onyo lolote. Skrini ilionyesha jambo moja, seva ikatenda jingine.

Karani huyo hana kosa, na kumkataza asifungue vichupo viwili si dawa. Kosa ni la aliyechanganya vitu viwili. Mtumiaji ni nani na ana ruhusa gani ni mambo ya kipindi. Anashughulikia nini kwa sasa ni jambo la dirisha. Namba ya mwanachama ilipaswa kukaa kwenye anwani ya ukurasa au ndani ya fomu yenyewe, ili kila kichupo kibebe chake. Seva nayo, kila inapoipokea namba hiyo, ihakikishe kuwa karani ana ruhusa juu yake, kwa sababu kitu kilichoandikwa kwenye anwani mtu yeyote anaweza kukibadilisha kwa mkono.

Kazi yenye hatua nyingi, kama kukata tiketi ya safari, huhitaji zaidi ya hapo: kila dirisha lipewe alama yake, na seva itunze data ya kila alama peke yake. Vivinjari vya leo vina hifadhi iitwayo sessionStorage, ambayo ni ya kichupo kimoja tu, tofauti na localStorage inayoonekana na vichupo vyote vya tovuti ileile. Alama ya dirisha hukaa vizuri kwenye ile ya kwanza. Tahadhari moja: mtumiaji akirudufu kichupo, hifadhi hiyo hunakiliwa pia, na ghafla madirisha mawili yana alama moja.

Tatizo jingine: rekodi moja ikifunguliwa mara mbili, anayehifadhi mwisho humfutia aliyetangulia. Hapa namba ya toleo hutosha: fomu huja na toleo ililolisoma, na seva ikikuta rekodi imeshabadilika, hukataa na kueleza sababu.

Kuna pia ucheleweshaji unaowafanya wengi waulaumu mtandao bure. Lugha ya PHP, kwa mpangilio wake wa kawaida, hulitia kufuli faili la kipindi mpaka ombi limalizike. Kichupo kimoja kikiandaa ripoti ndefu, kingine husubiri nje. Dawa ni kuliachia faili hilo mapema kwa amri ya session_write_close.

Kutoka kwenye akaunti nako kuna mitego. Mtu akitoka katika kichupo kimoja, vingine hubaki na kurasa za zamani zenye taarifa zake. Vichupo vinaweza kupeana habari kupitia BroadcastChannel, inayopatikana katika vivinjari vyote vikubwa tangu mwaka 2022, ili kimoja kikitoka vyote vifunge pazia. Hatari kubwa zaidi ni mtu wa pili kuingia kwa akaunti yake huku kichupo cha mtu wa kwanza kikiwa wazi: fomu iliyoanzwa na mmoja hutumwa kwa jina la mwingine. Ndiyo maana fomu nyeti inafaa ibebe utambulisho wa mtu aliyeifungua, na seva iulinganishe na wa kipindi kabla ya kupokea chochote.

Anayehitaji akaunti mbili kwa pamoja atumie wasifu tofauti wa kivinjari au dirisha la hali fiche, akijua kwamba katika Chrome madirisha fiche yaliyofunguliwa kwa pamoja nayo hushiriki kipindi kimoja.

Kufunga kichupo si kutoka. Tiketi hubaki kwenye kivinjari, na seva huendelea kuikubali mpaka muda wake uishe. Kwa seva ya Tomcat, muda wa kawaida ni dakika 30 tangu ombi la mwisho. Kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na wengi, au ya mgahawa wa intaneti, dakika hizo zinamtosha anayekaa kwenye kiti baada yako. Bonyeza Ondoka kabla ya kuinuka.