Lokichoggio: Mji mdogo wa Turkana ulioishi kwa vita vya Sudan, hadi amani ilipokuja

Fungua ramani ya Kenya kwenye simu yako. Panda kaskazini magharibi, pita Kitale, pita Lodwar, pita Kakuma, endelea tu. Kabla hujafika mpakani, kama kilomita 30 hivi, utakuta mji unaoitwa Lokichoggio. Wenyeji na marubani wanauita Loki.

Ni mji mdogo, wenye joto kali na vumbi. Lakini katika miaka ya 1990 uwanja wake wa ndege ulikuwa kati ya viwanja vyenye shughuli nyingi Kenya, na sababu ilikuwa vita vya nchi nyingine.

Kwa nini Loki?

Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe Sudan vilianza mwaka 1983, baada ya wanajeshi kuasi katika mji wa Bor. John Garang akaongoza kundi la SPLA dhidi ya serikali ya Khartoum. Vilidumu miaka 22, na inakadiriwa watu milioni 2 walikufa, wengi wao kwa njaa na magonjwa.

Njaa ya mwaka 1988 kule Bahr el Ghazal ndiyo iliyoishtua dunia. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukakubaliana na pande zote mbili, serikali na waasi, kwamba misaada ipite. Mpango huo uliitwa Operation Lifeline Sudan, au OLS.

Sasa, chakula kitapita wapi? Maeneo ya serikali yalihudumiwa kutoka Khartoum. Ya waasi yalihitaji mlango wa kusini: nchi yenye utulivu, uwanja wa ndege, na barabara inayofika hadi bandari ya Mombasa. Loki ilikuwa na vyote hivyo, tena karibu na mpaka.

Magunia kutoka angani

Malori yalileta nafaka hadi Loki, vibarua wakapakia, kisha ndege kubwa aina ya Hercules zikaruka nayo kwenda kusini mwa Sudan. Sehemu nyingi huko hazikuwa na mahali pa kutua, hivyo chakula kilidondoshwa. Chini waliweka alama kubwa nyeupe, ndege ikashuka, magunia yakaachiwa bila mwavuli. Nafaka ilitiwa kwenye magunia mawili au matatu, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lizuie isimwagike.

Lakini hakuna ndege iliyoruka hivihivi. Khartoum ilipaswa kuidhinisha orodha ya sehemu za kwenda, na ikikataa, watu walikaa na njaa. Mapema mwaka 1998, huku njaa ikiingia tena Bahr el Ghazal, serikali ilizuia safari za huko kwa wiki kadhaa. Maelfu ya watu walikufa mwaka huo.

Upande wa pili nao haukuwa msafi. Wapiganaji wa SPLA walichukua sehemu ya chakula kilichofika vijijini, na wakosoaji wakauliza kama OLS haikuwa inarefusha vita. Kwangu mimi swali hilo ni la haki, ila anayeliuliza aseme pia mtoto wa kijijini angekula nini wiki ile.

Hospitali ya majeruhi

Pale pale Loki, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding mwaka 1987. Majeruhi walichukuliwa kwa ndege kutoka Sudan na kuletwa kufanyiwa upasuaji. Ilikua hadi kufikisha vitanda zaidi ya 500, ikawa na karakana ya kutengeneza miguu ya bandia kwa waliokatwa viungo.

Mwaka 1992, mji wa Kapoeta ulipoangukia mikononi mwa serikali, maelfu ya wavulana waliokuwa wakikimbia vita kwa miguu walivuka mpaka na kufikia Loki. Ndio wale waliokuja kujulikana kama "wavulana waliopotea" wa Sudan. Kwa ajili yao ilianzishwa kambi ya Kakuma, umbali wa kama kilomita 95 kusini.

Amani ikaja, ndege zikaondoka

Januari 9, 2005, mkataba wa amani ulisainiwa Nairobi. Kwa Wasudan ilikuwa furaha. Kwa Loki ilikuwa barua ya kufukuzwa kazi. Mashirika yalihamia Juba, mmoja baada ya mwingine, na kazi za vibarua, walinzi, wapishi na madereva zikaenda nayo. Mwaka 2006 Lopiding ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya.

Waturkana wengi walikuwa wameacha mifugo na kuhamia mjini kutafuta kazi hizo. Kurudi si rahisi: ng'ombe na mbuzi ulishauza, na ukame hauna huruma.

Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011, na Desemba 2013 ikaingia kwenye vita vyake yenyewe. Wakimbizi walivuka tena mpaka wa Nadapal, wakapita Loki kuelekea Kakuma. Safari hii mashirika hayakurudi kuweka makao hapo. Tayari yalikuwa na ofisi Juba, na ndege nyingi za misaada ziliruka kutoka hukohuko.