Fahamu: Kwa nini mtoto mhamiaji aliye peke yake anahitaji wakili Marekani

Mtoto aliyeingia Marekani bila mzazi wala mlezi anaweza kujikuta peke yake mbele ya jaji wa uhamiaji, huku serikali ikiwa na mwanasheria wake. Kesi hizi si za jinai, kwa hiyo asiye na fedha hana haki ya kupewa wakili anayelipwa na serikali.

Sheria inasemaje?

Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya binadamu inaitaka wizara ya afya ihakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba watoto hawa wanapata mawakili. Fedha hupitia kwa mashirika ya kiraia.

Wakili hufanya nini?

Humweleza mtoto haki zake, hukusanya ushahidi na kuomba hifadhi. Kwa waliotelekezwa au kudhulumiwa na wazazi ipo hadhi maalumu ya uhamiaji, lakini lazima kwanza mahakama ya jimbo itoe uamuzi kuhusu malezi yao. Mtoto ataijuaje njia hiyo?

Nini kilitokea 2025?

Machi 21, serikali ilisitisha sehemu kubwa ya mkataba uliowapatia mawakili watoto wapatao 26,000. Mashirika yalifungua kesi, na Aprili 1 jaji wa San Francisco akaamuru ufadhili urejeshwe kwa muda.

Kwa nini ni muhimu?

Uamuzi wa mahakama unaweza kumrudisha mtoto kwenye hatari aliyoikimbia. Kumtaka ajitetee mwenyewe ni kumnyima haki, na wajibu wa kumlinda ni wa watu wazima.