Mama, kadi ya kliniki ni yako: isome

Siku ya kliniki, mabenchi ya zahanati hujaa wajawazito kabla jua halijapanda. Mama anaitwa, anapanda mzani, anafungwa mkanda wa presha mkononi. Nesi anatazama, anaandika, anasema: "Haya mama, tuonane mwezi ujao." Kadi imeandikwa 150/100. Mama anaikunja, anaitia kwenye pochi, anaondoka zake. Kabeba habari nzito ambayo hakuna aliyemsomea.

Tarakimu hizo si za kufumbiwa macho. Kwa mimba iliyovuka wiki 20, presha ya 140/90 au zaidi inapaswa kupimwa tena, na mkojo uangaliwe kama una protini. Vyote viwili vikionekana, mama yuko kwenye njia ya kifafa cha mimba. Ikifika 160/110, hiyo ni dharura ya kutibiwa papo hapo. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma: mishipa inayolilisha damu haikukaa sawa, na madhara husambaa hadi kwenye figo, ini na ubongo wa mama. Yakifika kwenye ubongo, degedege huanza, na hapo mama, mtoto au wote wawili wanaweza kupotea.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba huanza kimyakimya. Mama anapika, anafua, anakwenda sokoni, na presha iko juu. Dalili zinapojitokeza, kila moja ina jina jingine mtaani. Kichwa kinachogonga bila kutulizwa na panadoli huitwa malaria. Maumivu ya chembe ya moyo, au chini ya mbavu za kulia, huitwa vidonda vya tumbo. Uso na mikono kuvimba ghafla, "mimba ndivyo zilivyo." Macho yakiona ukungu au vimulimuli, ni uchovu. Degedege yenyewe ikija, wapo watakaosema ni mashetani, na muda wa kuwahi hospitali unaishia kwa mganga. Mdharau mwiba guu huota tende.

Na kujifungua si mwisho wa hatari. Degedege inaweza kumkuta mama mwenye kichanga tayari, hasa katika saa 48 za mwanzo, na mara nyingine baada ya siku kadhaa akiwa ameshatoka wodini. Mama mkwe na mashangazi wanaomlea mzazi wanatakiwa kulijua hili kama wanavyojua uji wa pilipili manga.

Sasa uzembe uko wapi? Si kila kifo cha hospitali ni uzembe. Tiba ina mipaka yake, na daktari aliyefanya kila lililopasa mgonjwa akafariki hana kosa. Sheria huuliza mambo matatu: je, mhudumu alikuwa na wajibu kwa mgonjwa huyu? Alifanya chini ya kiwango cha mwenzake mwenye taaluma kama yake? Na madhara yametokana na hilo? Presha kuachwa kupimwa kwa sababu foleni ni ndefu, 150/100 kuandikwa na mama kurudishwa nyumbani, mzazi kulalamikia kichwa wodini akaambiwa aache kudeka: hayo yanajibu maswali yote matatu, madhara yakitokea.

Dawa ipo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, ukihusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya zamani na bei yake si kubwa. Ikikosekana kwenye kabati, au kipimo cha presha kikiwa kibovu miezi nenda rudi, asibebeshwe lawama nesi peke yake. Uzembe huo umepanda ngazi hadi kwa wanaoagiza na wanaopanga bajeti.

Lakini msibani tunafunga mjadala kwa kusema kazi ya Mungu haina makosa. Ni faraja kwa wafiwa, ila isigeuke kuwa kinga ya waliozembea. Takwimu za kitaifa za Tanzania zilionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 zikaonyesha 104. Mungu ni yule yule. Huduma ndiyo iliyobadilika.

Wapo waliokataa kunyamaza. Huko Bungoma, Kenya, mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa na wauguzi, alikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua haki zake zilivunjwa na kuagiza alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Kwa Tanzania, malalamiko huanzia kwa mganga mfawidhi wa kituo, yakapanda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na yakifika mbali, Baraza la Madaktari au la Uuguzi na Ukunga. Huko kote, ushahidi wa kwanza ni kadi. Itunze, na usikubali iondoke mkononi mwako bila kubaki na nakala.

Kuisoma kadi hakumtwishi mgonjwa kazi ya mtaalamu. Wajibu wa kupima, kueleza na kutibu unabaki kwa aliyesomea. Ila mhudumu mchovu aliyehudumia kina mama tangu asubuhi anaweza kupitiwa, na swali moja likamzindua. Kwa hiyo kila unapotoka kliniki, toka na majibu matatu: presha yangu ngapi? Mkojo wangu una protini? Na dalili zipi nikiziona nisingoje tarehe ya kurudi? Anayekujibu kwa ufasaha amefanya kazi yake. Anayekufokea kwa kuuliza, jina lake liandike nyuma ya kadi.